Kasi Kwanza, Njia Baadaye

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Kipimo hicho kiliwekwa kuwa kanuni mwaka 1891 na klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Uskoti, na hakijabadilika tangu hapo. Ukicheza Tororo, Nairobi au Marekani, shimo ni lile lile. Mpira nao hauruhusiwi kuwa na kipenyo kinachopungua milimita 42.67. Kwa hiyo mtu akisimama kando ya grini, yaani kile kiwanja kidogo cha nyasi fupi chenye shimo na bendera, ataona kwamba shimo linaweza kupokea mipira miwili ubavu kwa ubavu na nafasi ikabaki. Atajiuliza: kwa nini basi watu wazima, wenye akili zao na fimbo za bei ghali, wanalikosa kutoka umbali wa hatua tatu?

Sababu moja ni kwamba shimo linaloonwa na jicho si lile linalokutwa na mpira. Mpira unaofika polepole hukuta shimo pana. Mpira unaofika mbio hukuta shimo jembamba, na ukizidi mbio haukuti shimo kabisa. Huliruka kama mtoto anavyoruka mtaro. Katika insha hii nataka kueleza jinsi mchezaji anavyopaswa kuchagua kasi ya pigo la grini, lile pigo la mwisho ambalo mpira hauruki hewani bali huviringika chini hadi shimoni. Hoja yangu ni kwamba kasi huchaguliwa kwanza, njia ikafuata. Na kwamba hakuna kasi moja iliyo sahihi siku zote. Kasi sahihi hutegemea nyasi, mteremko, na kile ambacho mchezaji yuko tayari kupoteza mpira usipoingia.

Kwetu Kwapa, wilayani Tororo, jirani na mpaka wa Malaba, watoto hulijua jambo hili kabla ya kusikia neno gofu. Tulichimba kishimo kwa kisigino, tukapiga mstari hatua tano nyuma yake, tukaviringisha gololi, ambazo wenzetu wa upande wa Kenya huziita bano. Aliyerusha kwa nguvu aliiona gololi yake ikipita juu ya kishimo na kupotelea majanini. Aliyerusha kwa woga aliiacha katikati ya njia, mahali ambapo mwenzake angeigonga na kuichukua. Hakuna aliyetufundisha hesabu yake, lakini kila mtoto aliyerudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu alikuwa amesoma somo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mtu aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuifanya. Ili mpira unaswe na shimo, ni lazima uanguke angalau nusu ya kipenyo chake, yaani kama milimita 21, kabla haujagusa ukingo wa upande wa pili. Kitu kinachoanguka huchukua takriban sekunde 0.066 kushuka milimita hizo. Katika muda huo mpira unaopita katikati ya shimo una nafasi ya kusonga mbele kama milimita 87 tu. Ukigawanya, unapata kasi ya takriban mita 1.3 kwa sekunde, ambayo ni mwendo wa mtu anayetembea kwenda sokoni bila haraka. Mwaka 1991 mwanafizikia Brian Holmes alichapisha makala katika jarida la American Journal of Physics akionyesha kwamba, ukihesabu pia mpira unaogonga ukingo wa nyuma, ukaruka kidogo na kurudi shimoni, kikomo kinafika takriban mita 1.63 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, hata mpira uliolengwa katikati kabisa hauingii.

Lakini ni mara chache mpira hupita katikati kabisa. Tuseme umepita pembeni, milimita 43 kutoka katikati. Hapo shimo ambalo mpira unalivuka halina tena urefu wa milimita 108, bali kama 65, na kwa hesabu ile ile rahisi kasi inayoruhusiwa inashuka hadi karibu nusu. Ukisogea ukingoni zaidi, kasi inayoruhusiwa inakaribia sifuri. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba kasi hupanua au hubana shimo. Mpira unaofika ukiwa umechoka unaweza kuingilia mbele, kushoto, kulia, na hata nyuma ukizunguka. Mpira unaofika kwa mwendo wa mtu wa sokoni una mlango mmoja tu, wa mbele, na mlango wenyewe ni mwembamba kama uzi.

Nilianza kuyafikiri haya katika ile likizo ndefu baada ya kumaliza kidato cha sita, nilipokuwa kedi katika uwanja wa gofu wa Tororo, ule wenye mashimo 9 karibu na mwamba unaoonekana kutoka mbali kabla hujaingia mjini. Kedi hubeba mfuko wa fimbo, hutafuta mpira uliopotea, hushika bendera, na mteja akimwamini, humshauri. Wateja wengine walitoka mjini, wengine walivuka mpaka kutoka Busia na Bungoma. Sisi makedi tulizungumza Kiteso au Dhopadhola nyumbani, lakini mteja kutoka ng'ambo na kedi wa Tororo walikutana kwenye Kiswahili. Ndiyo maana nina masikio ya kile kilichosemwa pale: kilisemwa katika lugha ninayoisomea sasa.

Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba makedi wengi hawakutumia neno kasi. Walisema nguvu. "Bosi, ongeza nguvu." "Bosi, hapa nguvu kidogo." Kedi mmoja tu, mzee aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wangu, alizitenga hizo mbili. Sote tulimwita Mzee, naye alituita vijana wake. Alikuwa akisema hivi: "Kijana wangu, nguvu ni ya mkono. Kasi ni ya mpira ukifika mdomoni. Usimwambie bosi nguvu kabla hujajua unataka mpira ufike namna gani."

Nimeifikiri kauli hiyo mara nyingi darasani tunapojadili maana za maneno. Nguvu ni kitu unachotoa. Kasi ni kitu kinachobaki baada ya nyasi kuchukua chake. Pigo lenye nguvu ile ile asubuhi na alasiri halifikishi mpira kwa kasi ile ile. Anayechagua nguvu anaanza mwanzoni mwa safari. Anayechagua kasi anaanza mwisho, penye shimo, kisha anarudi nyuma akihesabu njia yote hadi miguuni pake. Mzee alitembea hivyo hasa. Alianzia shimoni, akarudi hatua kwa hatua hadi kwenye mpira, akikanyaga polepole kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala.

Alitembea hivyo kwa sababu nyingine pia: macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mistari midogo ya mteremko ambayo sisi vijana tuliiona kwa kuchuchumaa, yeye hakuiona vizuri tena. Wateja wengi walitaka kedi mwenye macho makali awaonyeshe njia ya mpira. Mzee aliendelea kupata kazi kwa sababu ya kasi. Nyayo zake zilimwambia kama nyasi ni ndefu au fupi, kama udongo chini yake ni mgumu au umelewa maji, kama mwili wake unapanda au unashuka. Kwake, mjadala wa kasi ulikuwa unga wa jioni.

Wachezaji duniani wamegawanyika katika kambi mbili juu ya suala hili. Kambi ya kwanza hutaka mpira ufie shimoni, yaani ufike ukiwa umebakiwa na pumzi ya mwisho tu. Bobby Jones, Mmarekani aliyeshinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake katika mwaka mmoja, 1930, alikuwa wa kambi hiyo. Kambi ya pili husema mpira usiofika hauingii, basi afadhali upite. Arnold Palmer, bingwa mwingine wa Marekani, alipendwa na watazamaji kwa ujasiri wake wa kuusukuma mpira bila kuogopa utakaposimama. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuzielewa kambi hizi. Mmoja atakuambia haraka haraka haina baraka. Mwingine atakujibu chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo sababu hakuna iliyoifukuza mwenzake katika lugha. Kazi ya mwenye hekima ni kujua leo ni siku ya methali ipi.

Kulikuwa na jaribio mashuhuri la kutafuta jibu moja. Dave Pelz, Mmarekani aliyefanya utafiti wa anga kabla ya kugeukia gofu, alipiga mipira mingi kwa kasi mbalimbali na kuhitimisha kwamba kasi bora ni ile ambayo, shimo likifunikwa, mpira ungelipita kwa inchi 17, sawa na sentimita 43 hivi. Sababu yake ilikuwa nzuri. Wachezaji wote hukusanyika karibu na shimo, lakini hakuna anayekanyaga ukingoni kabisa. Nyayo zao huacha duara la mabonde madogo kuizunguka sehemu iliyoinuka kidogo penye mdomo. Mpira uliochoka ukifika penye duara hilo huyumbishwa na kila kibonde. Mpira wenye uhai kidogo hupita moja kwa moja. Alizungumzia nyayo za watu. Kule Jinja, penye mto Nile, uwanja wa gofu ulijulikana duniani kwa kanuni yake ya kumruhusu mchezaji kuuokota bila adhabu mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Sijui Pelz angependekeza inchi ngapi hapo.

Hata hivyo, sentimita 43 hazisafiri vizuri kutoka grini moja hadi nyingine. Ili kulielewa hilo inabidi tujue grini hupimwaje. Mwaka 1935, katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyochezwa Oakmont, mtazamaji aitwaye Edward Stimpson aliona mpira wa bingwa Gene Sarazen ukiviringika hadi nje ya grini na kuingia mchangani. Aliamini grini zile zilikuwa za mbio kupita kiasi, akatengeneza kifaa cha kulithibitisha: ubao wenye mfereji, ambao mpira huachiwa ushuke kwa mwendo ule ule kila mara. Umbali ambao mpira husafiri baada ya kuacha mfereji ndicho kipimo cha grini. Chama cha gofu cha Marekani kilianza kukisambaza kifaa hicho mwishoni mwa miaka ya 1970, na kinaitwa stimpimita kwa heshima ya jina lake. Grini ambayo mpira unasafiri futi 6 ni nzito. Ya futi 10 ni nyepesi.

Sasa chukua zile sentimita 43. Kwenye grini ya futi 10, mpira utakaosimama sentimita 43 baada ya shimo hupita mdomoni kwa takriban mita 0.7 kwa sekunde. Kwenye grini ya futi 6, ili ufike umbali huo huo, ni lazima upite mdomoni kwa karibu mita 0.9. Nyasi nzito zinaunyonya mpira, kwa hiyo inabidi ufike ukiwa na kasi zaidi. Na tumeshaona kwamba kasi zaidi ni shimo dogo zaidi. Basi mtu wa grini nzito akiikariri ile namba ya vitabuni, analipunguza shimo lake mwenyewe bila kujua. Wakati huo huo, grini nzito aghalabu ndizo zenye mabonde mengi, ambayo yanadai mpira wenye uhai. Kwa hiyo hawezi pia kuufisha mdomoni kila mara. Inambidi achague, na hakuna kitabu kitakachomchagulia.

Hali kwetu hubadilika hata ndani ya siku moja. Asubuhi umande hulala juu ya nyasi na mpira huacha alama ya njia yake kama konokono. Pigo lililotosha jana jioni linaishia nusu ya safari. Saa sita jua limekausha kila kitu na mpira unakimbia. Mvua ikinyesha alasiri, kama inavyofanya mara nyingi katika miezi ya mvua, mambo yanaanza upya. Wakati wa ukoloni viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na nyasi kwenye grini kabisa. Vilikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, ambao kedi aliusawazisha kwa kuburuta kifaa kabla ya mchezaji kupiga. Pale angalau kasi ilikuwa karibu ile ile kwa kila mtu. Nyasi zilipochukua nafasi ya mchanga, uzuri uliongezeka, na kazi ya kukisia ikaongezeka pamoja nao.

Kisha kuna mteremko. Grini nyingi hazilali sawasawa, na mpira unaopita ubavuni mwa mteremko hupinda kuelekea bondeni. Unapinda kiasi gani? Inategemea kasi. Mpira wa mbio hupinda kidogo kwa sababu mteremko haupati muda wa kuuvuta. Mpira wa polepole hupinda sana, hasa mwishoni. Maana yake ni kwamba swali "niulenge wapi?" halina jibu mpaka kwanza ujibu "utafika kwa kasi gani?" Kutoka pale uliposimama hadi shimoni kuna njia nyingi, kila moja na kasi yake, na kasi ya njia moja haiwezi kuazimwa na njia nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo mawili yaliyompata Mzee katika mwezi mmoja.

La kwanza lilikuwa katika mashindano ya mwisho wa mwezi. Mteja wake, bwana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, alifika grini ya mwisho akiwa na mita kama tano za kuteremka. Mapigo mawili yangemtosha kushinda. Bwana yule alikuwa na furaha na alitaka kumaliza kwa pigo moja, watu wapige makofi. Mzee alimsogelea akasema, "Bosi, mbili zinatosha. Uache ufie hapa juu, kabla ya shimo." Bwana akatii. Mpira ukashuka kama unaosinzia, ukasimama kiganja kimoja kabla ya mdomo, akaugusa ukaingia. Hakuna aliyepiga kelele, lakini kikombe kilivuka mpaka, na Mzee alipewa bakshishi ambayo alituonyesha kwa mbali tu kisha akaikunja haraka.

La pili lilikuja wiki tatu baadaye. Ulikuwa mchezo wa shimo kwa shimo, mtu dhidi ya mtu, na mteja alikuwa mwingine. Mpinzani wake alikuwa ameshaingiza. Mteja wa Mzee alibaki na mita mbili na ushei, mteremko ukivuta upande wa kushoto, grini imekanyagwa siku nzima. Akikosa amepoteza mchezo, na haijalishi mpira umesimama wapi. Safari hii Mzee alisema kinyume: "Bosi, usiuonee huruma. Ulenge ukingo wa kulia kwa ndani, uupeleke na uhai." Mpira ukaenda na uhai. Ukagonga mdomo wa kulia, ukazunguka nusu duara, ukatoka, ukaenda zaidi ya mita moja mbele. Mteja akamgeukia Mzee mbele yetu sote. "Ungeniambia niupeleke polepole ungeingia!" Hakumchagua tena kwa wiki nyingi, na kwa kedi, mteja wa kila Jumamosi akiondoka, Jumamosi imeondoka naye.

Nilimuuliza Mzee kama alijuta. Alishangaa swali lenyewe. "Kijana wangu, ungeenda polepole usingegonga pale."

Nilichukua muda kulielewa jibu hilo, na leo naweza kulieleza kwa hesabu. Mteja alikuwa na nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mpira unaogonga ukingo kwa kasi ndogo huanguka ndani, na wenye kasi kubwa hukataliwa. Lakini yeye aliuweka mpira wa polepole juu ya njia ya mpira wa mbio. Mpira wa polepole uliolengwa ukingo wa kulia ungevutwa na mteremko kwa muda mrefu zaidi. Ungepinda kuelekea kushoto mapema, na huenda ungepita chini ya shimo bila kuligusa. Ili uende polepole, ilibidi ulengwe nje kabisa ya shimo, upande wa juu, kisha uvuke yale mabonde ya nyayo ukiwa umechoka. Hilo lilikuwa chaguo jingine zima, lenye hatari zake. Huwezi kuchukua kasi ya chaguo moja na njia ya chaguo la pili, kisha ukamlaumu mshauri.

Jambo jingine ambalo mteja hakulifikiria ni kwamba pigo la umbali ule hukosewa mara nyingi na kila mtu. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua kumbukumbu za mapigo ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2014. Aligundua kwamba kutoka futi 8, ambazo ni kama mita 2.4, mabingwa hao huingiza karibu nusu tu. Hao ni watu wanaoishi kwa kazi hiyo, kwenye grini zinazotunzwa kama zulia. Kama mabingwa hukosa nusu kutoka mita mbili na nusu, basi kwa sisi wengine kukosa ndiko hali ya kawaida, na swali la mpira uliokosa umesimama wapi ni nusu ya mchezo wenyewe.

Kwa mbali zaidi swali hilo huwa karibu mchezo wote. Umbali ambao mpira husafiri hukua kwa mraba wa kasi yake ya mwanzo. Ukikosea kasi kwa sehemu moja ya kumi tu katika pigo la mita 10 kwenye grini iliyo sawa, mpira utakwenda kama mita 12 ukizidisha, au kama mita 8 ukipunguza. Kosa dogo la mkono linakuwa mita mbili za majani. Ndiyo maana kutoka mbali kasi sahihi ni ile inayokuachia pigo rahisi la pili. Kutoka hatua moja, kasi sahihi ni ile thabiti inayoupitisha mpira juu ya mabonde kabla haujapinda. Kati ya hapo ndipo penye uamuzi, na uamuzi hutegemea mfuko wa mtu: mapigo mawili yakikutosha, uufishe, likibaki moja au hakuna, uupeleke na uhai.

Najua wapo wenzangu watakaosema gofu ni mchezo wa wenye nacho, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili angeandika juu ya ngano au ngonjera. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini ujuzi niliouona pale haukuwa kwenye mfuko wa mteja. Ulikuwa kwenye nyayo za mtu wa kijijini aliyevaa raba zilizotoboka, na ulisemwa kwa Kiswahili. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967 na hadi leo hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda. Mwaka 1998 Jacob Okello alifika hadi mchezo wa ziada, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Umbali kati ya mchezaji wa kwetu na kombe uliwahi kuwa mfupi kiasi hicho. Maarifa ya kasi yaliyomo vichwani mwa makedi wetu yanastahili kuandikwa kabla hayajazikwa nao.

Kwa hiyo napendekeza kwa mchezaji, na kwa kedi kijana, maswali matatu kwa mpangilio huu. Mpira huu usipoingia, nataka usimame wapi? Nyasi hizi, saa hii, zitachukua kiasi gani cha mwendo wake? Na kwa kasi hiyo, utapinda wapi? Njia inakuja ya tatu, ingawa jicho hutaka kuanza nayo. Kwa anayetaka kumpima kedi wake kwa haki, asitazame shimo tu, maana nusu ya mapigo mazuri hayaingii. Atazame mpira uliokosa umesimama wapi. Ukisimama pale uliposemwa utasimama, kedi huyo anaijua kazi yake, na Jumamosi ijayo aitwe tena.